Unga wa Kitunguu Saumu: Kiungo Kikavu Kinavyofanya Kazi Jikoni

Mtahiniwa, tuanze na swali la kawaida: "Eleza kwa nini mpishi hashauriwi kutia unga wa kitunguu saumu moja kwa moja kwenye mafuta yaliyochemka." Wengi hujibu kwamba chakula kitakuwa kichungu, kisha huweka nukta. Jibu hilo si la uongo, lakini halijaeleza chochote. Limetaja matokeo na kuacha sababu. Neno "eleza" linadai sababu, na sababu ndiyo inayobeba alama.

Habari njema ni kwamba kuhusu kiungo hiki huna haja ya kukariri orodha ndefu ya "fanya hivi" na "usifanye vile". Ukielewa mambo mawili tu, yaani maji yalivyotolewa kwenye kitunguu saumu na kinachotokea maji yanaporudi, utaweza kujibu karibu kila swali la matumizi, uhifadhi na ununuzi wake. Tena yatakufaa baada ya mtihani, siku utakapopanga chumba chako na kujipikia mwenyewe.

1. Maana na utengenezaji

Unga wa kitunguu saumu ni kitunguu saumu kilichomenywa, kikakatwa vipande vyembamba, kikakaushwa na kusagwa. Haukuongezwa chumvi wala unga mwingine. Rangi yake ni nyeupe iliyoelekea manjano.

Usiuchanganye na bidhaa mbili zinazofanana nao:

(a) Chenga za kitunguu saumu. Hizi ni kitunguu saumu kile kile kikavu, ila kimesagwa kwa ukubwa wa chembe za mchanga au semolina. Haziungui haraka kama unga, na kijiko kimoja cha chenga hubeba kiungo kidogo kuliko kijiko kimoja cha unga, kwa kuwa kuna nafasi za hewa kati ya chembe.

(b) Chumvi ya kitunguu saumu. Huu ni mchanganyiko wa chumvi na unga wa kitunguu saumu, na mara nyingi chumvi ndiyo nyingi zaidi. Tutaurudia katika sehemu ya ununuzi.

Kitunguu saumu kibichi kina maji karibu asilimia 60 ya uzito wake. Unga mkavu una maji karibu asilimia 6 tu. Kutokana na tarakimu hizo unaweza kukokotoa kiasi cha unga kinachopatikana:

Kitunguu saumu kilichomenywa: gramu 1,000
Maji (asilimia 60): gramu 600
Mabaki makavu: gramu 400
Mabaki hayo ni asilimia 94 ya unga, kwa sababu asilimia 6 iliyobaki ni maji.
Uzito wa unga: 400 ÷ 0.94 = gramu 425 hivi

Kwa hiyo kilo moja iliyomenywa haiwezi kutoa zaidi ya gramu 425 hivi za unga, na kwa kawaida hutoa pungufu kidogo kwa kuwa vingine hupotea wakati wa kukata, kusaga na kuchekecha. Hesabu hii inaeleza pia kwa nini bei ya gramu 100 za unga halisi haiwezi kuwa chini ya bei ya gramu 100 za kitunguu saumu kibichi. Ukikuta unga wa bei ya kutupwa sokoni, jiulize umechanganywa na nini.

2. Kinachotokea ndani ya punje

Chukua punje moja nzima ya kitunguu saumu, uinuse bila kuimenya wala kuikata. Karibu haina harufu. Sasa iponde. Harufu kali inakupanda puani mara moja. Harufu hiyo haikuwa imefichwa ndani ya punje ikisubiri kutoka. Imetengenezwa wakati ule ule ulipoponda.

Katika seli za kitunguu saumu kuna kampaundi yenye salfa iitwayo aliini. Aliini haina harufu. Katika seli hizo pia kuna kimeng'enya kiitwacho aliinesi, lakini kimewekwa mbali na aliini, ndani ya vakuoli. Unapokata au kuponda, kuta zinavunjika, viwili hivyo vinakutana, na kimeng'enya kinaibadili aliini kuwa alisini. Alisini ndiyo yenye harufu na ukali tunaoujua. Ilitenganishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1944 na wanakemia Chester Cavallito na John Bailey huko Marekani. Aliini yenyewe ilitambuliwa miaka michache baadaye na Arthur Stoll na Ewald Seebeck huko Uswisi.

Sasa linganisha na unga. Kitunguu saumu kinapokaushwa polepole, kwa joto lisilozidi nyuzi 60 za Selsiasi, sehemu kubwa ya aliini hubaki na kimeng'enya hakiharibiki. Lakini kimeng'enya hakiwezi kufanya kazi pasipo maji. Kwa hiyo ndani ya kile kikopo cha unga, aliini na kimeng'enya vimekaa jirani, vimekauka, na havifanyi kitu. Ukiongeza maji, kazi inaanza upya.

Kumbuka sentensi hii, kwa sababu majibu yote yanayofuata yanatoka humo: Unga wa kitunguu saumu unahitaji maji ili utoe harufu, na unahitaji kuyapata kabla joto au asidi kali haijaharibu kimeng'enya.

3. Kanuni nne za kutumia

Kanuni ya kwanza: Lowesha kwanza. Changanya unga na maji ya kawaida kwa vipimo sawa, kwa mfano nusu kijiko cha chai cha unga na nusu kijiko cha chai cha maji. Acha kwa dakika chache hadi uwe kama uji mzito, ndipo utie kwenye chakula. Sababu: maji yanakiwezesha kimeng'enya kutengeneza alisini kabla ya kukutana na joto. Unga mkavu ukitiwa kwenye mchuzi unaochemka, kimeng'enya huharibiwa na joto kabla hakijamaliza kazi, na ladha inakuwa hafifu.

Kanuni ya pili: Usitie unga mkavu kwenye mafuta ya moto. Punje mbichi iliyokatwa ina maji. Ikiingia kwenye mafuta, maji hayo hutangulia kugeuka mvuke, na wakati yanatoka, joto la kipande halipandi sana kupita nyuzi 100. Mpishi anapata muda wa kukoroga. Unga hauna maji ya kuulinda, na chembe zake ni ndogo mno, kwa hiyo eneo lake la kugusana na mafuta ni kubwa. Unaungua kwa sekunde chache na kuwa mchungu. Hili ndilo jibu kamili la swali tulilofungulia sehemu hii. Ukipika mchuzi, kaanga vitunguu maji na nyanya kwanza. Nyanya zikishatoa maji, tia unga wako uliolowekwa.

Kanuni ya tatu: Ndimu na siki vifuate baadaye. Asidi kali huzuia kimeng'enya kufanya kazi. Ukiandaa nyama ya mishkaki, usimimine maji ya ndimu juu ya unga mkavu. Lowesha unga kwa maji matupu, subiri dakika tano hivi, kisha ongeza ndimu, chumvi na viungo vingine. Alisini iliyokwisha kutengenezwa haitegemei tena kimeng'enya.

Kanuni ya nne: Tumia unga pale ambapo kitunguu saumu kibichi hakifai. Kuna kazi ambazo unga huzifanya vizuri kuliko punje mbichi. Huenea sawasawa kwenye unga wa ngano wa kupaka kuku wa kukaanga, bila vipande vinavyoungua. Hushika kwenye bisi, viazi vya kuoka na karanga, ambako kitunguu saumu kibichi kingeleta unyevu na kufanya vitafunwa vilegee. Hufaa pia kwenye mayai na nyama ya kusaga, ambayo tayari ina unyevu wa kuamsha kimeng'enya.

Zipo pia kazi ambazo unga hauwezi kuchukua nafasi ya kibichi. Pilau linalotegemea kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa pamoja na kukaangwa hadi vibadilike rangi hupata ladha ambayo unga hauifikii. Kwa hiyo ukiulizwa "kipi ni bora", usichague upande mmoja. Eleza kazi iliyopo, kisha sema kipi kinaifaa na kwa nini.

4. Kubadilisha vipimo

Vitabu vya mapishi hutaja kati ya moja ya nane na robo ya kijiko cha chai cha unga kwa kila punje moja ya wastani. Tofauti hiyo inatokana na ukubwa wa punje na upya wa unga. Katika kukokotoa, tumia kipimo kilichotolewa kwenye swali. Jikoni, anza na kipimo kidogo, onja, kisha ongeza, kwa sababu kilichozidi hakitolewi.

Mfano: Mapishi yanahitaji punje 6. Utatumia unga kiasi gani ikiwa moja ya nane ya kijiko cha chai ni sawa na punje moja?

6 × 1/8 = 6/8 = 3/4

Jibu: robo tatu ya kijiko cha chai.

5. Uhifadhi

Unga wa kitunguu saumu hauozi kirahisi, kwa sababu bakteria na kuvu huhitaji maji ili kukua. Hiyo ndiyo kanuni ya uhifadhi wa chakula kwa kukausha, na inatumika pia kwa dagaa, mchicha mkavu na nafaka. Hata hivyo unga una maadui wanne: unyevu, joto, mwanga na hewa.

Unyevu ndio mkubwa. Kitunguu saumu kina kabohaidreti iitwayo fruktani, ambayo hunyonya unyevu wa hewani. Ndiyo maana unga hugandamana na kuwa mabonge, hasa Dar es Salaam, Tanga, Mtwara na Zanzibar ambako hewa ni nyevunyevu. Fanya hivi:

- Weka unga kwenye chupa ya kioo au kopo lenye mfuniko unaobana.
- Liweke kabatini, mbali na jiko na dirisha lenye jua.
- Chota kwa kijiko kikavu.
- Usitikise kikopo juu ya sufuria inayotoa mvuke. Mvuke huingia kikoponi kila mara, na ndani ya wiki chache utakuwa na jiwe. Mimina kwanza kwenye kijiko, pembeni mwa jiko.

Unga uliogandamana lakini ukabaki mkavu, wenye harufu yake ya kawaida, unaweza kusagwa tena. Wenye madoa ya kuvu au harufu ya uvundo utupwe wote. Usiondoe sehemu yenye kuvu na kutumia iliyobaki.

Angalizo kuhusu mafuta. Baadhi ya watu huhifadhi kitunguu saumu kibichi kwa kukitumbukiza ndani ya mafuta na kukiacha mezani kwa siku nyingi. Njia hii ni ya hatari, na tofauti yake na kukausha inafaa sana kwa swali la kulinganisha. Kitunguu saumu hukua ardhini, na udongo unaweza kuwa na mbegu za bakteria Clostridium botulinum. Bakteria huyu hukua mahali pasipo na oksijeni, penye unyevu na pasipo asidi ya kutosha. Mafuta huzuia hewa, punje hutoa unyevu, na joto la chumba humalizia. Sumu anayoitoa hudhoofisha misuli, ikiwemo ya kupumua, na huweza kuua. Mwaka 1985, mjini Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua baada ya kula chakula cha mgahawani kilichotiwa kitunguu saumu kilichohifadhiwa kwenye mafuta. Kibaya zaidi, chakula cha namna hiyo huweza kuonekana na kunukia kama kawaida. Unga mkavu hauna hatari hiyo ukiwa kikoponi, kwa sababu maji ambayo bakteria anayahitaji yameondolewa.

6. Ununuzi na kutengeneza nyumbani

Unaponunua, soma lebo kabla ya bei. Angalia mambo manne: orodha ya viambato, tarehe ya mwisho wa matumizi, jina la mtengenezaji, na alama ya ubora ya TBS kwa bidhaa za Tanzania. Viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito. Ikiwa neno la kwanza ni "chumvi", basi ulichoshika ni chumvi yenye kitunguu saumu, hata kama picha ya kitunguu saumu imejaa kopo zima.

Tofauti hii ina maana kwa afya. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku. Tuseme mchanganyiko una sehemu 3 za chumvi na sehemu 1 ya unga kwa uzito. Mpishi akitia gramu 8 kwenye chakula cha watu 4:

Chumvi: 8 × 3/4 = gramu 6
Kila mtu: 6 ÷ 4 = gramu 1.5

Gramu hizo 1.5 zimeingia kabla mpishi hajatia chumvi yake ya kawaida. Kwa mtu aliyeshauriwa kupunguza chumvi kwa ajili ya shinikizo la damu, kosa la kununua kopo lisilo sahihi linarudiwa kila mlo. Kinyume chake, unga halisi usio na chumvi humsaidia mtu huyo kupata chakula chenye ladha kwa chumvi kidogo. Lakini usiandike kwamba unga huo "hutibu" shinikizo la damu. Ni kiungo cha chakula. Dawa hutolewa na mhudumu wa afya.

Kutengeneza nyumbani kunawezekana, hasa katika maeneo yanayolima kitunguu saumu kama Mbulu, mkoani Manyara, ambako wakati wa mavuno huwa kingi na bei hushuka. Hatua ni hizi:

(i) Chagua vizima, menya, osha na kausha maji ya juu.
(ii) Kata vipande vyembamba vyenye unene unaolingana, milimita 2 hadi 3.
(iii) Vitandaze kwenye chekeche au wavu safi, funika kwa chandarua kuzuia nzi na vumbi.
(iv) Anika juani, geuza mara kwa mara, ingiza ndani jioni kabla ya umande.
(v) Jaribu ukavu: kipande kikavu huvunjika kwa mlio, hakikunjiki.
(vi) Saga kwa blenda au twanga kwenye kinu, chekecha, hifadhi mara moja.

Hatua ya (v) ndiyo inayopuuzwa zaidi. Vipande vinavyokunjika bado vina maji, na maji hayo yataleta kuvu ndani ya chupa.

7. Jaribio fupi

Unaweza kuthibitisha maelezo ya sehemu ya 2 kwa vikombe vitatu. Weka robo kijiko cha chai cha unga katika kila kimoja. Katika kikombe A tia kijiko cha chai cha maji ya kawaida. Katika B tia kijiko cha chai cha maji ya ndimu. Katika C tia kijiko cha chai cha maji yanayochemka. Subiri dakika tano, kisha nusa kila kimoja.

Matarajio: A kina harufu kali kuliko vyote, kwa sababu kimeng'enya kimefanya kazi. B na C vina harufu hafifu ya kitunguu saumu, kwa sababu asidi katika B na joto katika C vimezuia kimeng'enya. Ikiwa hata A hakina harufu, unga wako umechakaa au ulikaushwa kwa joto kali mno. Kwa hiyo kikombe A peke yake ni kipimo kizuri cha kujua kama kopo la kabatini bado lina faida.

8. Makosa ya kuepuka katika majibu

- Kuandika kwamba unga na chumvi ya kitunguu saumu ni kitu kimoja.
- Kutaja matokeo bila sababu. Baada ya kila hoja, jiulize "kwa nini?" na ujibu kwa sentensi moja zaidi.
- Kuandika kwamba kukausha huua vimelea vyote. Kukausha huzuia vimelea kukua. Vingine hubaki hai vikisubiri maji.
- Kukokotoa bila kuandika kizio. "3/4" peke yake si jibu. "Robo tatu ya kijiko cha chai" ni jibu.

9. Maswali ya kujipima

1. Tofautisha unga wa kitunguu saumu na chumvi ya kitunguu saumu.
2. Eleza kwa nini punje nzima haina harufu kali hadi ipondwe.
3. Mapishi yanahitaji punje 4. Kokotoa kiasi cha unga ikiwa robo ya kijiko cha chai ni sawa na punje moja.
4. Mama lishe ana kuku wa kukaanga na pilau. Mshauri atumie unga wapi na kitunguu saumu kibichi wapi. Toa sababu.
5. Linganisha usalama wa kuhifadhi kitunguu saumu kwa kukausha na kwa kukiweka ndani ya mafuta kwenye joto la chumba.

Mwongozo wa majibu

1. Unga ni kitunguu saumu pekee kilichokaushwa na kusagwa. Chumvi ya kitunguu saumu ni mchanganyiko ambao kwa kawaida una chumvi nyingi kuliko kitunguu saumu.
2. Aliini na kimeng'enya vimetenganishwa ndani ya seli. Kuponda huvikutanisha, na alisini yenye harufu hutengenezwa.
3. 4 × 1/4 = 1. Kijiko kimoja cha chai.
4. Unga kwenye kuku, kwa sababu huenea sawasawa ndani ya unga wa ngano bila vipande vya kuungua. Kibichi kwenye pilau, kwa sababu maji yake humpa mpishi muda wa kukaanga hadi ladha ikomae.
5. Kukausha huondoa maji ambayo vimelea huyahitaji. Mafuta huondoa hewa lakini huacha unyevu, hali inayomfaa Clostridium botulinum.

Ukishindwa swali lolote, usirudi kukariri jibu lake. Rudi sehemu ya 2, soma aya tatu za mwanzo, kisha jaribu tena bila kutazama mwongozo.